Usikifue Kitambaa cha Mama

Karakana ya Makochi,
Mlango wa Nyuma,
S.L.P. 41.

Jumatatu, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa furaha kubwa hata kalamu inataka kunikimbia mkononi. Hujambo? Mgongo umekuachia kidogo? Ile pasi kubwa imetengenezwa, au bado inaunguza kola za watu na wewe unasingizia kitambaa? Na vidole vyako vilivyopasuka kwa sabuni, unavipaka yale mafuta niliyokuachia, au umeshampa jirani? Nakujua wewe.

Sisi huku ni wazima kabisa. Mimi mashavu yamejaa, nguo ulizonishonea zinabana kiunoni, na usianze kuhesabu miezi, ni chakula tu. Mume wangu anakusalimu sana. Shangazi, mpaka leo nikiandika neno "mume wangu" natabasamu peke yangu, kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani na hakuna anayejitokeza kukidai.

Kabla sijaingia kwenye habari nina ombi, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Katika barua yako ya mwisho uliniambia umekitoa sandukuni kitambaa cha kichwa cha marehemu mama, ili na mimi niwe na changu cha kusalia huku ukweni. Ukasema kimeingia doa la kutu, na ukipata nafasi utakiloweka, utakitia buluu kiwe cheupe na kukinyoosha. Tafadhali usikiloweke. Usikitie hata tone la maji. Na kama kuna fundo kwenye pembe yake, usilifungue. Nitakueleza sababu, nawe utaona kwamba mume wangu, na furaha yangu yote, vimening'inia kwenye pembe hiyo. Simu ya dobini inaita tu haipokelewi, ndiyo maana nimeandika, na barua hii anakuletea dereva wa lori linalotuletea sponji. Ni mtu mwaminifu ingawa anapenda sana kuongea.

Basi nianze mwanzo, upate picha.

Chumba chetu kiko nyuma ya karakana. Mlango mmoja unatupeleka uani, mwingine unaingia moja kwa moja kwenye makochi ya watu. Harufu ya gundi na sponji mpya ndiyo manukato yangu siku hizi. Mume wangu hushika misumari midogo kwa midomo, anausukuma mmoja kwa ulimi, anagonga, anausukuma mwingine, na wakati huo ananitazama mimi. Siwezi kukueleza jinsi mwanamume anavyoweza kupendeza akiwa na misumari mdomoni. Ametutengenezea kochi la watu wawili, dogo makusudi, ili nisipate pa kusogea. Jioni tunakaa hapo tumebanana kama vitabu kwenye rafu, naye ananisimulia habari za wateja: mwanasheria aliyeficha soksi chini ya mto wa kochi, mwalimu mkuu aliyetaka kiti kisicholia akikaa. Nacheka mpaka mbavu zinauma.

Sasa nije kwenye vitambaa. Unakumbuka ulivyonitania siku ya kuniaga, kwamba naolewa kwenye kanisa la vichwa vilivyofunikwa, mimi niliyezoea kwenda ibadani na misuko yangu juu kama taji? Kwetu desturi hiyo iliisha zamani. Wewe husema iliisha siku wanawake walipoanza kulipia saluni. Huku haijaisha. Mwanamke aliyeolewa hafungui mdomo kuomba akiwa kichwa wazi, hata mezani kabla ya chakula. Mama mkwe akishtuliwa na jambo jikoni, mkono wake huenda kichwani kwanza, ndipo amwite Mungu.

Nilimuuliza sababu. Akanijibu kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwa nini mlango una komeo, kwamba mtume aliwaandikia Wakristo wa kale kuwa ni kwa ajili ya malaika. Nikacheka, nikauliza malaika wana shida gani na nywele za watu. Yeye hakucheka. Alisema wapo wanaosogea wakisikia mwanamke anaomba, na si wote tunaowajua.

Nilidhani ananitisha kidogo, kama mama wakwe wanavyotishaga mabibi harusi. Hana ubaya, Shangazi, usimwelewe vibaya. Ananipenda. Ananiachia mguu wa kuku.

Nyuma ya kanisa kuna chumba kidogo chenye misumari ukutani, kila mwanamke na msumari wake. Hapo ndipo vinapotundikwa vitambaa vya kusalia, vyeupe vyote, maana cha kusalia hakivaliwi sokoni. Kila mwanamke hupigilia msumari wake usawa wa utosi wake mwenyewe. Kwa hiyo ukiingia siku ya katikati ya wiki, wakati hakuna mtu, unavikuta vimejipanga ukutani kwa kimo cha wenyewe, warefu kwa wafupi, vimeinama kidogo. Mara ya kwanza nilijikuta nasema hodi.

Vitambaa hivyo havinunuliwi. Mwanamke huvaa cha mama yake, au cha bibi yake, na yeye akifa binti yake anakichukua. Mimi nilipofika sina, mama mkwe aliniazima kimoja kipya, akaniambia kitanifunika lakini hakitanijua. Ndipo nikakuandikia wewe kuuliza cha mama.

Bibi harusi mpya hupewa kazi kanisani, kumfanya azoeane na wenzake. Mimi walinipa kufua vitambaa vya meza ya Bwana. Furaha niliyokuwa nayo! Nikaona sasa watajua nimelelewa na dobi gani. Wiki hiyo mama mkwe alikuwa amesafiri kwa wifi yangu aliyejifungua, kwa hiyo sikuwa na wa kunikataza kitu. Nilipotoa vile vya mezani nikavitazama na vile vya ukutani. Vilikuwa visafi, lakini pembe moja ya kila kimoja ilikuwa na fundo dogo lenye uchafu. Fundo, Shangazi. Wewe uliyenifundisha kwamba kabla nguo haijagusa maji unageuza mifuko, unafungua vifungo, unafungua kila fundo, kwa sababu fundo kwenye nguo safi ni uvivu wa mfuaji.

Nikavichukua vyote.

Nilikaa kwenye benchi ya karakana nikafungua mafundo yote, moja baada ya jingine, huku naimba. Mengine yalifunguka kwa kucha. Moja lilikuwa gumu kama kokwa, jeusi kwa miaka. Hilo lilikuwa la mama mkwe, nalijua kwa alama ya uzi mwekundu kwenye upindo. Nikachukua sindano ya mume wangu, ile iliyopinda ya kushonea migongo ya makochi, nikalichokonoa. Yeye alikuwa hapo hapo akigonga misumari. Fundo lilipoachia, nyundo yake ilinyamaza. Nikainua macho. Akaniambia amehisi kama mtu amemwita, akacheka, akaendelea.

Ndani ya fundo hamkuwa na kitu. Nataka uniamini, maana nilitazama. Kitambaa tu, cheupe pale kama kipya, kimekunjamana kama kiganja cha mtoto mchanga. Na kilikuwa na joto. Nikajiambia ni mikono yangu.

Niliviloweka, nikavifua, nikavitia buluu na wanga, nikavinyoosha mpaka vikasimama vyenyewe. Ungejivunia.

Jumapili wanawake waliingia kwenye kile chumba kuchukua vitambaa vyao, nami nimesimama mlangoni meno yote nje, nangoja kusifiwa. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyenikemea. Kila mmoja alikishika chake, na kidole gumba kikatembea chenyewe mpaka kwenye pembe, kikasugua pale ambapo hapakuwa na kitu. Walinishukuru, Shangazi. Mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, kama watu wanaotoa pole. Halafu wakajifunika, wakaingia, na ibada nzima waliimba wakiwa wameshika ile pembe kwa mkono.

Mama wa cherehani, ambaye anakaa benchi moja na mimi, ndiye aliyeniuliza nje, taratibu, kama niliyafungua yote. Nikamjibu kwa fahari kwamba ndiyo, hata yale yaliyokaza. Akanishika shavu, akasema mimi bado mtoto.

Yeye ndiye aliyenieleza. Si uchawi, usije ukaogopa, wala hawaabudu fundo. Mwanamke akiwa na jambo linalomshinda, analiombea akiwa amejifunika, kisha anafunga pembe ya kitambaa, maana yake jambo hili nimelikabidhi na liko mikononi mwa Mungu, mimi siligusi tena. Na kweli haligusi. Akifua, ile pembe anaishika juu ya maji. Hafungui hata akipata alichoomba. Huzikwa bila kufungua, na binti akirithi kitambaa hulikuta la mama yake na kuliacha hivyo hivyo. Akiwa na lake anafunga pembe nyingine.

Mchungaji wetu kijana alipopata habari alisema mbele ya wote kwamba kitambaa ni kitambaa. Wanawake wakaitikia amina. Mama wa cherehani akaninong'oneza kwamba cha mke wa mchungaji kilikuwa na mafundo pembe zote.

Nilitaka kucheka. Ningecheka, kama si mambo yaliyofuata.

Yupo mama mmoja wanamwita Kimya, maana kwa miaka mingi husema salamu tu na kukaa. Wiki hiyo Kimya alianza kuongea. Anaongea kutoka geti la kanisa mpaka madhabahuni, anaongea kwenye foleni ya maji, anaongea na kuku. Watu walimtania kwamba ni deni analolipa. Lakini msikilize anachosema. Anatoa habari za watu: fulani amepona mguu, fulani analalamika kwamba mahali pake pana unyevu, fulani anauliza kwa nini hamwendi kumtazama. Wazee wakisikia majina wanainuka na kuondoka, kwa sababu watu hao wamezikwa wote, na yeye huongea kama aliyewaacha sasa hivi barazani.

Mama wa cherehani naye hakushona wiki nzima. Zamani alikuwa akisikia mlio masikioni, ukaisha alipofunga fundo. Sasa umerudi, ila anasema si mlio tena. Walioongea walikuwa mbali, ndiyo maana ulikuwa mlio. Sasa wamesogea na anasikia maneno. Nilimuuliza wanasema nini. Akaniangalia kwa huruma, akaomba nimshikie mkasi.

Na mume wangu, Shangazi.

Ilianza kesho yake ya ile Jumapili. Nilimpelekea chai karakana, nikamkuta amesimama kwenye mlango wa mbele, uso umeelekea barabarani. Nyundo mkononi, misumari midomoni. Jua limemwangaza vizuri, nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu ni wangu. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita jina lile ninalomwita tukiwa wawili tu. Hakugeuka. Nikaweka kikombe chini nikamgusa, akashtuka, akatabasamu na kuitema misumari kwenye kiganja, akaniuliza, "Nilikuwa naenda wapi?"

Tulicheka wote wawili. Nilidhani ni uchovu.

Siku iliyofuata nilimkuta nje ya mlango. Iliyofuata, kwenye geti. Kisha kinyozi wa pale kona alinirudishia mume wangu akiwa amemshika bega, akaniambia kwa mzaha kwamba bibi harusi nimfunge kamba huyu, amempita bila salamu, hana viatu, na misumari bado iko mdomoni. Wateja wa kinyozi walicheka sana. Mimi nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umetoka kidogo pembeni ya kiuno, vidole vimekunjwa, kama wa mtu aliyeshikwa mkono. Ukaachia pole pole tulipoingia ndani.

Shangazi, mimi ni mtu wa furaha, unanijua. Lakini siku hiyo sikucheka.

Mama mkwe aliporudi kutoka kwa wifi hakuuliza habari. Alipitia kanisani kwanza. Akaja jikoni na kitambaa chake kimekunjwa vizuri kama nilivyokikunja mimi, akakiweka mezani, akamimina chai, vikombe viwili. Nikapiga magoti nikaanza kulia na kuomba radhi. Akaniambia niinuke, sakafu ina maji.

Kisha akanisimulia. Mume wangu alipoanza tu kutembea, alianza kuondoka. Si kupotea kama watoto wanavyopotea, wakilia na kuzunguka. Alikuwa anatoka mchana kweupe, kimya, ananyooka njia moja daima, na mkono mmoja ameuinua juu, kama mtoto anayeongozwa na mtu mzima. Walimrudisha kutoka kona, kutoka darajani, kutoka kwenye magari. Ukimshika anatabasamu, anauliza alikuwa anaenda wapi. Baba yake alipiga komeo milango, mtoto akapitia dirishani. Ndipo mama mkwe alipojifunika, akaomba kutwa nzima, akafunga pembe. Tangu siku hiyo mtoto akakaa. Akawa mtu wa kukaa kuliko wote, hata kazi akachagua ya makochi.

Halafu akaniuliza sasa mkono wake ukoje anapotoka. Nikamwonyesha, hapa, usawa wa kiuno.

Mama mkwe aliupima mkono wangu kwa macho. Akasema, "Basi wamelingana kimo."

Sikumuuliza ni nani. Sitaki kujua, na wewe usiniulize.

Alijaribu kulifunga tena fundo lake mbele yangu, baada ya kujifunika kitambaa kingine na kuomba. Alilivuta mpaka mishipa ya mikono ikasimama. Akaliweka mezani. Tukalitazama likifunguka lenyewe, pole pole, bila kelele, likalala. Nikasema labda ni wanga wangu umekifanya kigumu. Alilifunga tena, likafunguka tena. Akakisukuma kitambaa pembeni akasema, "Mimi nilimfunga mtoto. Sasa ni mume wa mtu. Mwenye kumfunga ni wewe, na si kwa kitambaa cha kuazima."

Nikamwambia kwa furaha kwamba cha mama yangu kiko kwa shangazi yangu ambaye ni dobi, kitakuja kinang'aa. Akaniuliza kama kina fundo. Nikafikiri. Ndiyo, kina. Nilikuwa nakaa mapajani mwa mama kanisani, na nilipochoka na mahubiri nilikuwa nalitafuta kwa vidole kwenye pembe ya kitambaa chake, nalibinya, nalitia mdomoni. Alikuwa ananitoa kwa upole kila mara. Nilikuwa nimesahau kabisa, mpaka alipouliza.

Akaniuliza mama alikufaje. Nikamweleza kama ulivyonisimulia wewe: homa ile ya watu wengi, tulilazwa mimi na yeye kitanda kimoja, asubuhi mimi nikaamka nikaomba uji, yeye hakuamka. Akaniuliza baadaye niliugua tena lini. Nikacheka, nikamwambia mimi siugui. Tangu siku ile sijui homa, sijui kikohozi, na shuleni wasichana walipokuwa wakiomba dawa ya kichwa nilikuwa nawauliza kichwa kinaumaje. Ni kweli au si kweli, Shangazi? Wewe husema nina mwili wa chuma.

Mama mkwe alikiweka kikombe chini. "Mwandikie shangazi yako leo," akasema. "Mwambie asikiguse na maji. Fundo lile likae lilivyo. Wewe utafunga pembe nyingine."

Kwa hiyo sasa unajua. Kitoe mahali ulipokiweka, kikunje na doa lake la kutu, kitie kwenye karatasi kavu, kisha umpe dereva huyu huyu. Anarudi huku akishapakia. Mwambie asikae juu yake. Kama umeshakitoa kwenye rundo la kufua, vizuri. Kama msichana wako wa kazi ndiye anayepanga rundo, mwulize sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Usidhani nimekaa nalia. Tumepata njia yetu, na ukiiona utaiona nzuri. Mchana kutwa nakaa karakana pamoja naye. Tumechukua uzi mnene wa kushonea makochi, ncha moja nimemfunga yeye kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nyingine nimejifunga mimi. Anapiga misumari, mimi najaza mito. Wapita njia wanatucheka kwamba hawa kweli wamefungwa, penzi la wiki za mwanzo. Yeye anawajibu kwamba bado, subirini muone mwaka wa kumi. Ananivuta kidogo kwa uzi akitaka nimtazame, nami namvuta akitaka kujisahau. Shangazi, sijawahi kupendwa hivi. Ila wakati mwingine uzi unavutwa wakati mikono yake yote miwili iko kwenye kazi. Unavutwa kuelekea mlangoni. Nami navuta kwangu, na kwa sasa nashinda.

Ninachoomba kwa Mungu ni hicho tu, nipate kitambaa cha mama, nijifunike, nimfunge mume wangu kwa fundo ambalo hakuna dobi atakayeliona.

Nisamehe mwandiko wa ukurasa huu. Tangu asubuhi kuna kitu kinanisumbua kichwani, upande wa nyuma, sijui nikiiteje. Ni kama mtu anavuta uzi kutoka ndani, taratibu, akisimama na kuanza tena. Mama mkwe ameniambia hicho ndicho kichwa kuuma. Nimecheka, nimemwambia basi wale wasichana wa shule walikuwa na haki yao. Yeye amekwenda kujifunika.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie kiti chake kimeshapata sponji, kimebaki kitambaa. Nisalimie Pacha wote wawili, yule mwenye hasira umsalimie mara mbili. Nisalimie Bibi Mchapasi wa dirisha la pili, na msichana wako wa kazi, na yule paka mwizi. Mkweo anasema shikamoo, na kwamba akija atakutengenezea kiti cha dobi kisichoumiza mgongo. Mama mkwe anakusalimu kwa heshima zote, anakuombea mikono yako ipumzike.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akufunike wewe na nyumba yako.

Wako akupendaye kwa moyo wote, aliyekuwa mtoto wako na sasa ni mke wa mtu,

Kifaranga

Shangazi, nimeukunjua tena mkunjo wa barua, dereva yuko nje anapiga honi. Mume wangu ameacha kutazama mlangoni. Amekaa kwenye kochi letu ananitazama mimi, macho yake safi kabisa, na ameniuliza mbona naandika huku vidole vya mkono wangu wa kushoto vimekunjwa hivi. Nimeangalia. Kweli vimekunjwa. Nilikuwa nimesimama, wala sikumbuki kuinuka. Niambie tu kwamba hujakitia maji.